Vumbi la kusi, kapsuli za rangi mbili na tambara la deki

Kusi ikishika, kuanzia Juni hadi karibu Oktoba, nyumba za Mtwara na Lindi hazimaliziki kufutwa. Umefuta meza saa moja asubuhi, saa nne mtoto anaandika jina lake juu yake kwa kidole. Chikongola na Magomeni vumbi ni la mchanga mwepesi wa pwani. Ukipanda Newala au Tandahimba ni jekundu, linaingia kwenye pazia na halitoki kwa kukung'uta. Miezi ya kupuliza mikorosho linachanganyika na salfa, na hiyo utaijua kwa macho kuwasha kabla hujaiona.

Salfa tuimalize hapa hapa, maana inaulizwa sana. Ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na machipukizi ya mkorosho. Si antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na usugu wa bakteria dhidi ya dawa tutakaouzungumzia hautokani nayo. Ubaya wake uko kwenye macho, ngozi na mapafu: nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na mifuko yake isilale chumba kimoja na watu.

Kinachotuhusu leo ni vumbi lile linalotengenezwa ndani ya nyumba yenyewe. Kila baada ya muda hupita ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba vumbi la ndani limejaa bakteria wasiosikia dawa, na chini yake tangazo la sabuni inayoua vijidudu vyote. Nusu ya kwanza ina ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayotuharibia.

Fagia chumba cha kulala, kisha ukiinamie kizoleo penye mwanga. Mchanga utauona. Lakini ule uchafu wa kijivu unaoshikana kama pamba si udongo. Ni magamba ya ngozi yetu, nyuzi za kanga na shuka, nywele, vipande vya mende, masizi ya mkaa, makombo, mbegu za kuvu, na kama kuku huingia ndani, kinyesi kilichokauka kikasagwa na ndala. Ndani ya pamba hiyo wamo utitiri wanaokula magamba ya ngozi, ambao ndio huwachokoza wenye pumu. Na wamo bakteria.

Wengi wa bakteria hao ni wetu wenyewe, wa ngozini na mdomoni, pamoja na wale wa udongo wa nje, na hawana neno na mtu. Wengi pia wameshakufa au wamelala, kwa sababu vumbi kwao ni jangwa: maji hakuna, chakula cha maana hakuna. Ila kulala si kufa. Stafilokokasi, yule wa majipu, kwenye kitu kikavu amepimwa akaishi kuanzia siku 7 hadi miezi 7. Asinetobakta, anayesumbua sana wodi za wagonjwa mahututi, siku 3 hadi miezi 5. E. koli wa tumboni anaweza kufa ndani ya saa moja na nusu, au akadumu miezi 16. Klebsiela, saa 2 hadi zaidi ya miezi 30. Tofauti hizo kubwa hazikutokea bure: aina ya bakteria, unyevu, uchafu aliojifunika nao na mwanga unaompata ndivyo vinavyoamua. Kama amekaa juu ya damu au usaha uliokauka, anadumu kuliko akiwa juu ya kigae kilichofutwa. Bakteria wa pepopunda ndiye mvumilivu wa kukauka kuliko wote hao. Mbegu zake hukaa kwenye udongo na vumbi miaka na miaka, zikisubiri jeraha lenye kina lisilopata hewa.

Sasa usugu. Bakteria sugu hazaliwi kwenye vumbi. Anatengenezwa mahali penye dawa: tumboni mwa mtu anayemeza antibayotiki, kwenye jeraha lililonyunyiziwa unga wa kapsuli, ndani ya banda la kuku wanaonyweshwa dawa kila wiki. Dawa ikipita, walio dhaifu wanakufa, wachache wenye ujanja wa kuikwepa wanabaki na uwanja mzima ni wao. Ujanja huo umeandikwa kwenye jeni, maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya bakteria. Wengine wana jeni ya kuisagasaga dawa, wengine ya kuisukuma nje ya mwili wao kama pampu inavyotoa maji kisimani. Baadhi ya jeni hizo ziko kwenye vipande vidogo vya duara vinavyoitwa plazmidi, ambavyo bakteria mmoja humpa jirani yake hata kama si wa ukoo wake. Baada ya hapo ni safari: kwenye kinyesi, mkono, ndala, sakafu, vumbi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba bakteria walio hai kwenye vumbi la ndani ya majengo wanazo jeni za usugu za aina hiyo inayohama. Wengi wa bakteria hao hawaumizi mtu. Wasiwasi ni kwamba wanaweza kumkabidhi anayeumiza. Hilo halitokei kwa wingi vumbi likiwa kavu, maana bakteria waliolala hawabadilishani kitu. Linapata nafasi kwenye unyevu: kona ya bafu, chini ya mtungi unaovuja, na kwenye tambara la deki lililoachwa ndani ya ndoo usiku kucha. Tambara hilo tutalirudia.

Ukitaka ukubwa wa tatizo kwa jumla, makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema vifo milioni 1.27 mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Vumbi la nyumbani ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na anayekuambia vinginevyo ana kitu anauza. Mikono, maji, choo na nyama ya kuku isiyoiva vizuri vina hatia kubwa zaidi. Vumbi ni ghala: linatunza kilichotengenezwa kwingine, na linakirudisha kwa mtoto anayetambaa na kunyonya vidole, kwa mwenye kidonda, kwa mzee aliyetoka kulazwa.

Turudi kwenye tangazo la sabuni. Kwa miaka mingi sabuni zilizoitwa za kuua vijidudu ziliwekwa triklosani au triklokabani. Triklosani hukamata kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi za mwili) ambacho bakteria anakihitaji kutengeneza mafuta ya ukuta wake, na bakteria akibadilisha kimeng'enya hicho kidogo tu, au akiongeza zile pampu zake, ameshapona. Pampu hizo hizo hutoa nje na baadhi ya antibayotiki. Kemikali hiyo haiishii bafuni, inakaa kwenye vumbi, na vumbi lenye triklosani nyingi limekutwa na jeni nyingi zaidi za usugu. Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya namna hiyo kwenye sabuni za kunawia za watu wa kawaida, vikiwemo hivi viwili, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kwa hiyo dukani geuza pakiti, soma maandishi madogo. Ukiona neno triclosan au triclocarban, irudishe kwenye rafu. Sabuni ya mche inatosha. Sabuni haimuui bakteria kwa sumu, inambandua na kumteremsha na maji, na hakuna jeni ya kuzuia kuteremshwa na maji.

Kazi ya kwanza ya nyumba ni kuacha kurusha vumbi hewani. Chembe kubwa kama punje ya mchanga mwembamba, maikroni 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), inaanguka kutoka usawa wa kichwa hadi chini kwa sekunde kama sita. Gamba la ngozi lililobeba bakteria, maikroni 10 hivi, linachukua dakika nane au zaidi. Chembe ya maikroni moja, ukubwa wa bakteria aliye peke yake, katika hewa iliyotulia inahitaji karibu saa kumi na mbili. Ufagio mkavu wa chelewa ukipigwa kwa nguvu kwenye sakafu ya saruji hufanya kazi mbili kwa pamoja: mchanga unaenda kwenye kizoleo, na ile chembe ndogo yenye mambo inapanda juu, inakaa hewani mpaka mchana, kisha inashukia kwenye sufuria iliyo wazi na kwenye mto wa mtoto. Mwenye nyumba anaona sakafu safi. Kilichotoka ni mchanga.

Kwa sakafu ya saruji au vigae, fuata mpangilio huu. Anza juu: utando, rafu, juu ya kabati, kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka hakidondoki. Halafu sakafu. Penye mchanga mwingi nyunyiza maji kidogo kwa vidole kabla ya kufagia, fagia polepole, ufagio usiruke. Kisha piga deki. Chumba cha mita tatu kwa tatu hakihitaji maji mengi, na hili ni la maana kwa mtu wa uwanda wa Makonde anayenunua maji kwa dumu: lita 3 zenye sabuni kwenye ndoo moja, lita 2 tupu kwenye ndoo ya pili. Chovya kwenye sabuni, futa, suuza kwenye ndoo ya pili, kamua, rudi kwenye sabuni. Kosa la kila siku ni ndoo moja. Baada ya mizunguko mitatu maji yameshakuwa uji wa kijivu, na kuanzia hapo hausafishi, unagawa sawasawa. Njia nyingine ya kuokoa maji ni kukunja tambara mara mbili lipate nyuso nane, ukafuta kila sehemu kwa uso mpya, ukalisuuza nyuso zikiisha. Toka ndani ukielekea mlangoni. Choo ni mwisho, na kina tambara lake lenye rangi tofauti ili asije mtu akakosea jikoni.

Tambara lenyewe likimaliza kazi lifuliwe kwa sabuni, likamuliwe, lianikwe juani likunjuke lote. Likiachwa mbichi ndani ya ndoo kwenye joto letu la pwani, bakteria wa tumboni wakipata chakula na maji huweza kuongezeka maradufu kwa dakika kama 20 tu. Hesabu mwenyewe kutoka saa mbili usiku hadi alfajiri. Hiyo ndiyo harufu unayoisikia asubuhi, na ndipo mahali ambapo bakteria wa vumbi wanapewa kila kitu walichokosa. Ukilichukua hivyo hivyo ukafutia sakafu, ungeiacha tu na vumbi lake.

Sakafu ya udongo haipigwi deki, na jiki haifanyi kazi juu yake kwa sababu udongo unaimaliza nguvu kabla haijamgusa kijidudu. Nyunyiza maji mepesi, subiri dakika tano yashike, fagia kwa mapigo mafupi ufagio ukiwa umelala. Usiloweshe mpaka tope, ukungu utapanda ukutani. Nyufa zizibwe kwa udongo mpya, maana ndimo makombo na kinyesi cha panya vinapojificha. Watoto watambae juu ya mkeka unaoweza kukung'utwa nje na kuanikwa.

Feni inastahili aya yake. Zima, kisha tazama ukingo wa mbele wa pangaboi: kuna utepe mweusi mnene, unaoteleza kidogo ukiugusa kwa sababu moshi wa mafuta ya kupikia umeushikisha. Kila ukiwasha, vipande vyake vinaachia juu ya kitanda. Chukua foronya kuukuu, ivishe pangaboi zima, ishike kwa mikono miwili na uivute kuja kwako. Vumbi linabaki ndani ya foronya. Fanya hivyo kila wiki mbili msimu wa kusi, kila mwezi msimu mwingine.

Mashine za kufyonza vumbi wanazo wachache huku, na zisizo na chujio la chembe ndogo hutema upande wa nyuma zile zile ulizotaka kuzitoa.

Jua ni la bure na tunalifungia nje kwa pazia nzito. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichukua vumbi la nyumba za watu wakaliweka kwenye vyumba vidogo vya mfano kwa siku 90. Kwenye giza, karibu asilimia 12 ya bakteria walibaki hai wenye uwezo wa kuzaana. Kwenye mwanga wa mchana uliopita kwenye kioo, asilimia 6.8. Kwenye miale ya urujuanimno (ile ya jua isiyoonekana kwa macho) peke yake, asilimia 6.1. Maana yake hata mwanga wa kawaida wa dirishani unapunguza karibu nusu, ingawa haumalizi. Chumba cha nyuma chenye dirisha dogo lililozibwa na kabati ndicho chenye vumbi hai kuliko vyote. Sogeza kabati. Dirisha hilo hilo ndilo linalopunguza hatari ya kifua kikuu, ambacho hasa husambaa kwa hewa ya anayekohoa, si kwa vumbi la sakafuni.

Godoro na mito viende juani mara moja kwa wiki, angalau kwa muda wa saa nne, vikigeuzwa katikati, kisha vipigwe nje upande ambao upepo hauingizi ndani. Shuka za mgonjwa zikunjwe kuelekea ndani, zisikung'utwe chumbani, zifuliwe kwa maji ya moto. Utitiri hawavumilii nyuzi 60. Chandarua ni tofauti na usikichanganye na hivyo: kinafuliwa taratibu kwa sabuni ya mche bila jiki, kila miezi mitatu inatosha, na kinaanikwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa ya mbu iliyomo.

Jiki ina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sakafu ya kila siku haiihitaji. Inahitajika penye damu, usaha, matapishi au kinyesi, chooni, na chumba cha mwenye kidonda kinachotoa usaha. Chupa nyingi zetu zimeandikwa asilimia 3.5. Kupata nguvu unayotaka, gawanya namba ya kwenye chupa kwa namba unayoitaka, toa moja: jibu ni vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Kwa damu na kinyesi unataka 0.5: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa moja, vikombe 6 vya maji kwa kikombe 1 cha jiki. Kwa vitu vya kawaida unataka 0.1, yaani maji 34 kwa 1, au vijiko viwili vya chakula ndani ya chupa ya lita moja kisha ijaze maji.

Inapoharibika ni hapa. Mtu anamwaga jiki juu ya uchafu wenyewe. Uchafu unaila jiki, kijidudu kinabaki. Toa uchafu kwanza, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake jiki. Mtu anapaka na kufuta hapo hapo. Inahitaji dakika 10 ikiwa bado mbichi. Mtu anachanganya ndoo ya Jumatatu akaitumia mpaka Ijumaa. Joto na mwanga vimeshaiua, changanya ya siku hiyo tu, kwa maji baridi. Na kubwa zaidi, mtu anaichanganya na dawa ya choo yenye asidi, au anaimimina kwenye kopo lenye mkojo uliolala. Hutoka hewa inayochoma mapafu. Ikitokea, usikae kuikausha, toka nje uache milango wazi.

Tofauti ya jiki na triklosani ni kwamba jiki inaunguza kila kitu kwa mkupuo, kisha inaisha na kugeuka chumvi. Haikai kwenye vumbi miezi ikiwafundisha bakteria.

Kuku. Nyumba nyingi huku kuku wanalala jikoni au kwenye kona ya ukumbi kwa kuogopa wezi na kicheche, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini kuku anayepewa antibayotiki ni kiwanda kidogo. Ujerumani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 wa vumbi la banda moja la nguruwe lililotunzwa kwa miaka ishirini uliikuta dawa yenyewe ndani ya vumbi, hadi miligramu 12.5 kwa kilo. Si jeni tu, ni dawa, inayovutwa na anayefagia. Banda letu la kuku hamsini si shamba la Ujerumani, ila unga wa oksitetrasaiklini unaomwagika ukichanganya kwenye maji, na kinyesi chenye mabaki yake, vinakauka na kupeperuka vile vile.

Kwa hiyo banda liwe nje, hata kama ni tenga lenye kufuli lililoegemea ukuta wa chumba chako. Ukisafisha, nyunyiza maji kwanza, funga kitambaa puani, tumia ndala za banda zisizoingia ndani, nawa kwa sabuni. Na usiwape dawa kuku wazima kwa kuwakinga. Mdondo, unaomaliza banda zima kwa siku chache, ni virusi, na antibayotiki haivigusi. Kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila miezi 3 hadi 4. Ukilazimika kutoa antibayotiki kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, soma siku za kusubiri kwenye pakiti: mayai na nyama za siku hizo haziuzwi wala haziliwi.

Mwenye kidonda nyumbani ndiye wa kumwekea utaratibu mkali, awe wa kisukari, wa kuungua au aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Usifagie chumba hicho kwa saa kadhaa kabla ya kubadilisha bandeji, zima feni, toa kuku na paka. Futa stuli kwa kitambaa cha sabuni, itandikie kitu kisafi. Nawa mikono. Ondoa bandeji ya zamani bila kuitikisa, iweke moja kwa moja kwenye mfuko, nawa tena. Hapo ndipo unafungua pakiti ya gozi mpya, si kabla. Kama umeelekezwa kusafisha kwa maji ya chumvi, chemsha lita moja na vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, dakika 20 kwa kifuniko, yaache yapoe humo humo, yatumike siku hiyo hiyo. Bandeji iliyotoka ichomwe au ifukiwe, isikauke uani. Kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu na kisafi: hakuna majivu, hakuna udongo, wala unga wa kidonge.

Huo unga ni tabia iliyoshika mizizi. Kapsuli ya rangi mbili ya antibayotiki inafunguliwa, unga unamwagwa juu ya kidonda, kidonda kinaonekana kimekauka, watu wanafurahi. Unga ule umeandaliwa kupita tumboni. Juu ya kidonda unakaa mwingi hapa na haba pale, na pale palipo haba ndipo bakteria wanapojifunza. Mwingine unapeperuka na kuangukia shukani. Juu yake unatengeneza gamba linaloficha usaha chini.

Mengine yanatokea dukani. Mafua na kikohozi cha msimu wa kusi mara nyingi ni virusi au vumbi lenyewe, hayahitaji amoksilini. Kipimo cha Widal kikisomwa mara moja tu hakithibitishi taifodi, ingawa watu wengi wanatembea na kadi zilizoandikwa taifodi mara nne kwa mwaka. UTI inayorudi kila mwezi inataka mkojo uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa ipi, si sindano nyingine ya seftriaksoni. Dawa hiyo, pamoja na sipro na azithromaisini, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali, wakati amoksilini ipo kundi la kwanza la kuanzia. Muulize muuguzi au mfamasia swali moja: hii ni kwa bakteria gani? Tanzania imekuwa na mpango kazi wa taifa wa UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tangu 2017, na wa pili unaendelea 2023 hadi 2028. Wiki yake ya uhamasishaji, Novemba 18 hadi 24, huku kwetu inaangukia katikati ya minada ya korosho, wakati pesa ya kununulia dawa ipo mfukoni.

Halafu kuna zile kapsuli nne zilizobaki, zilizochomekwa kwenye ufa wa ukuta au juu ya kabati, karatasi yake imepauka na tarehe haisomeki. Joto na unyevu vimeshaila nguvu yake, kwa hiyo mtoto akipewa atapata dozi nusu ya dawa nusu. Usizimwage chooni wala kuzitupa jalalani ambako kuku wanachakura. Usizifungue. Ziache ndani ya karatasi yake, zifunge kwenye mfuko mdogo, na siku ukienda kliniki au duka la dawa zipeleke uwaombe waziharibu pamoja na zao zilizopitwa na wakati. Kisha futa ule ufa kwa kitambaa kibichi, maana na hapo pana vumbi.